Ukuta Uliompasha Bibi Mgongo

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na adabu zake, na mgeni asiyezijua alipigwa shoti. Swichi ya bafuni haikuguswa kwa kidole. Iliwashwa kwa mpini wa ufagio uliosimamishwa hapohapo kwa kazi hiyo. Friji ilizimwa kabla pasi haijachomekwa. Taa ya ukumbi ikigoma, ulibamiza mlango wa jikoni, nayo ikashtuka na kuwaka. Siku ya mvua, bomba la jikoni halikufunguliwa na mtu aliyevua viatu. Sisi wa familia tulizijua adabu hizi kama tunavyojua kuwaamkia wakubwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeziona za ajabu. Tulichoona cha ajabu ni mgeni kuruka bafuni na kupiga kelele.

Shangazi ni dada wa baba yangu, anayemfuata kwa kuzaliwa. Hakujaliwa mtoto, lakini mtaa mzima unamwita Mama Pasi, kwa sababu kazi yake ni kupiga pasi. Hafui. Ukimletea nguo chafu atakurudishia huku ameshikilia pua. "Kufua ni nguvu," husema, "kupiga pasi ni akili." Anapiga pasi majoho ya kwaya, sare za wahudumu wa hoteli, suti za maharusi na mashati ya wanaume wasio na mtu wa kuwanyooshea kola. Kwa kola tu anaweza kukuambia mwanamume ameoa au hajaoa, na kama ameoa, anakuambia wamegombana lini.

Kazi anaifanyia chumba cha mbele. Ana meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, chupa ya maji aliyoitoboa kifuniko kwa sindano, na waya uliokatiza chumba kizima ambapo nguo zilizokamilika zinaning'inia kama watu wamepanga foleni. Na ana pua. Hiyo pua ndiyo fahari yake. Anaweza kuwa jikoni anamenya viazi, mtu akaunguza kitu nyumba ya tatu, naye akasema bila kugeuka, "Hiyo ni pamba," au "Nailoni hiyo, huyo hana lake tena." Sijawahi kumkuta amekosea. Ila mara moja tu, na ndiyo hiyo ninayoisimulia.

Nyumba yenyewe aliijenga Babu. Alikuwa wa kwanza mtaani kuingiza umeme, na mpaka anakufa hakuacha kuwakumbusha majirani. Enzi zile umeme ulikuwa wa taa na redio basi. Nyaya zake zilivishwa mpira, juu ya mpira zikavishwa kitambaa, zikapitishwa ndani ya kuta na kupigwa plasta juu. Baada ya Babu, kila kilichonunuliwa kilikuja na ekstensheni yake. Ekstensheni ya friji ilichomekwa kwenye ekstensheni ya televisheni, ya televisheni ikachomekwa kwenye soketi ya redio ya marehemu. Nyaya zilipita nyuma ya kabati, chini ya zulia, juu ya mlango. Shangazi alizifagia pamoja na vumbi.

Nyuma ya chumba cha pasi kuna chumba cha Bibi, mama yao Shangazi na baba yangu. Kati ya vyumba hivyo viwili hakuna tofali. Babu alikigawa chumba kimoja kikubwa kwa ukuta wa fito za mbao uliopigwa plasta pande zote mbili. Bibi miguu yake imekataa na masikio nayo yako njiani kuifuata. Akili ni nzima, na ulimi ndio kabisa. Siku nzima yuko kitandani, na jambo moja tu analitaka: kubaki katika nyumba alimozalia watoto wake.

Baba alitaka kumchukua. Baba ana nyumba mpya, yenye vigae na choo cha kukaa, na si mtu mbaya. Anampenda mama yake kama Shangazi anavyompenda, ila yeye hupenda kwa kuhamisha watu. Waligombana miaka. Mwisho wakakubaliana, na maneno ya Baba nayakumbuka kwa sababu aliyasema mbele yetu sote, amesimama.

"Mama atabaki kwako. Lakini siku nitakayosikia nyumba ile imeleta shida, hata kama ni bati moja limeng'oka, namchukua siku hiyohiyo. Na harudi."

"Haya, Kaka," Shangazi akasema. "Nyumba haina shida."

Tangu siku ile nyumba haikuruhusiwa kuwa na shida. Mimi nilikuwa nakwenda kila Jumamosi kukaa na Bibi, na kila nikiondoka Shangazi alinisindikiza mpaka mlangoni na kunishika kiwiko. "Kwa baba yako utasema nini?"

"Hawajambo wote."

"Na nyumba?"

"Nzima."

"Mwanangu mzuri." Kisha ananipa kitu cha kutafuna njiani, kana kwamba nina miaka sita. Nilijua ninachofanyiwa. Lakini mtu amtoe Bibi katika nyumba ile, Shangazi anabaki na nini? Meza na pasi. Kwa hiyo nilikaa kimya, na sikuona kuwa nasema uongo, kwa kuwa hata mimi niliamini nyumba ni nzima. Ilikuwa na tabia zake tu.

Kero pekee ilikuwa fyuzi. Sanduku la fyuzi liko ukumbini juu ya mlango, la Babu, na ndani yake vipande vya kauri vyeupe vilivyofungwa waya mwembamba kama unywele. Ukizidisha mzigo, waya unakatika, nyumba inalala giza. Shangazi alipopata kazi ya hoteli, ulikatika kila mara. Anapanda kiti, anafunga mwingine, anashuka, unakatika. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akachukua waya wa pasi iliyokufa, akauchuna, akausokota ukawa mnene kama kamba ya kiatu, akaufunga humo. Haukukatika tena. Mpangaji wake, Fundi Saa, anayekaa chumba cha uani na kutengeneza saa za watu, alikuja kuangalia na akampa mkono. Shangazi alitembea wiki nzima kama mtu aliyepandishwa cheo.

Basi akajiona amefunguliwa njia. Akanunua pasi kubwa ya mvuke, ile yenye tangi la maji pembeni na mlio wa treni. Majoho ya kwaya yaliyokuwa yakimaliza asubuhi nzima sasa yalikwisha kabla chai haijapoa. Nayo ndiyo iliyotuletea samaki.

Harufu ilianza kidogokidogo. Nami niliisikia: harufu ya samaki aliyesahauliwa ndani ya mfuko. Shangazi alimwaga ndoo na ndoo za maji ya sabuni. Alisugua sakafu kwa ndimu. Alihamisha kabati, akakuta kifungo alichokuwa amemsingizia mteja kuwa hakuja nacho. Samaki hakuonekana. Akakaa akafikiri, kisha akatoka uani, mikono kiunoni.

"Fundi Saa, samaki wako umemweka wapi?"

"Samaki gani, Mama Pasi?"

"Usinifanye mtoto. Wateja wangu wanaleta suti za harusi hapa. Nani atasimama mbele ya watu akinuka samaki?"

"Mimi nikila samaki navimba midomo. Muulize mtu yeyote anayenijua."

"Kwa hiyo humli. Unamficha tu."

Maskini Fundi Saa akafungua mlango wake wote. Shangazi akaingia, akainama chini ya kitanda, akanusa mto, akafungua makopo ya vipuri moja moja. Hakukuta kitu zaidi ya saa, kila moja ikisema wakati wake. Mtu mwingine angeomba radhi. Shangazi alitoka na ushahidi mpya.

"Mnajua kwa nini simkamati?" alituambia jioni ile, mimi na Bibi. "Kwa sababu harufu inakuja nikiwa na pasi mkononi tu. Siku nisiyopiga pasi, hakuna harufu. Anajua nikishika pasi siwezi kuondoka mezani, ndipo anakaanga. Ana hesabu zake, yule."

Nilicheka. Nasema kweli, nilimwona Shangazi ana akili sana. Fundi Saa naye aliacha kupita ukumbini, akawa anazunguka kwa mlango wa nyuma, na salamu zikakatika kati yao.

Katika siku hizohizo Bibi akaanza kuusifu ukuta. Alikuwa akilalamikia mgongo tangu zamani, hasa miezi ya baridi, na sasa akawa anajisogeza mpaka uti wa mgongo unagusa plasta, anafumba macho kwa raha. "Ukuta huu una joto," akasema. Shangazi akaweka kiganja, akalisikia. Meza yake iko upande wa pili wa ukuta huohuo, na soketi ya pasi iko palepale, kwa hiyo maelezo yalikuja yenyewe: ni joto la pasi linapenya. Alifurahi mpaka macho yakamjaa maji.

"Unaona, mwanangu? Nafanya kazi na bado nampasha mama yangu mgongo."

Akakisukuma kitanda kikagota ukutani. Akapanga mito miwili ili Bibi aegemee vizuri.

Jumamosi moja nilikuwa nampaka Bibi mafuta miguuni. Mlango ulikuwa umefungwa. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, kiganja kimoja kimelala kwenye plasta kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Ameanza kazi," akasema.

"Nani, Bibi?" nikamwuliza sikioni.

"Shangazi yako, nani tena?"

Nikachungulia chumba cha mbele. Kweli, Shangazi alikuwa amesimama mezani, pasi inapumua. Nikarudi nikaendelea na mafuta. Bibi hasikii hata mlango ukibamizwa, nikashangaa kidogo, basi. Baadaye akasema tena, "Amepumzika. Mwambie aniletee chai." Nikaenda, nikamkuta Shangazi amechomoa pasi na anajipepea kwa kola ya padri.

"Bibi, umejuaje?"

"Ukuta huniambia. Akishika kazi unapata moto. Akiacha, unapoa. Siku nzima najua aliko." Alisema hivyo kama mtu anayekuambia saa ngapi.

Hapo nikaweka mkono wangu. Ukuta ulikuwa bado na joto, lakini si lile joto lililoenea la ukuta uliopigwa na jua. Lilikuwa mahali pamoja, pana kama sahani, usawa wa mto. Nikamwambia Shangazi achomeke tena pasi, asipige nguo yoyote, aisimamishe tu katikati ya chumba, mbali na ukuta. Alinung'unika, akafanya. Haikupita muda, ile sahani ikaanza kuwa moto chini ya kiganja changu, na pasi iko mbali kabisa. Kwa hiyo si pasi iliyokuwa inaupasha. Harufu ikaja. Nikasogeza pua, nikagusa plasta nayo, mtu mzima mimi, nanusa ukuta.

"Shangazi!" nikaita. "Samaki yuko huku!"

Alikuja anakimbia, nadhani akitegemea kumkuta Fundi Saa amebanwa. Nikamwonyesha. Akainama juu ya Bibi, akaweka pua palepale. Nikamwona anavuta pumzi mara moja, kisha anavuta tena polepole kama anavyofanya akinusa kitambaa asichokijua. Uso ukambadilika.

"Mbao," akasema. "Chini ya samaki kuna mbao. Mbao inaungua."

Hakunisubiri. Alikishika kitanda kwa ubavu akakivuta, Bibi akiwa juu yake na mito yake, kikaburuzika mpaka katikati ya chumba. Bibi akasema, "We! Unanipeleka wapi?" Shangazi alikuwa ameshapita mlangoni, nikasikia plagi inang'olewa, kisha mlio wa swichi kubwa ukumbini. Friji ikanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza.

Aliyekwenda kumwita fundi umeme ni Fundi Saa. Shangazi alimwendea uani mwenyewe, akasimama mbele yake, akasema tu, "Ukuta unaungua." Yule mzee akamtazama, akavaa viatu, akatoka bila kuuliza samaki ameishia wapi. Namheshimu kwa hilo mpaka leo, maana mimi ningeuliza.

Fundi umeme alikuwa mfupi, mlalamishi, goti moja bovu, na kifaa chake cha kupimia umeme kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya karatasi, jambo ambalo halikunipa matumaini. Alianza na sanduku la fyuzi. Akachomoa kile kipande cha kauri, akautazama ule waya mnene, akatutazama sisi.

"Nani kafunga huu?"

"Mimi," Shangazi akasema. Sauti yake bado ilikuwa na mabaki ya fahari.

"Mama, fyuzi kazi yake ni kufa. Waya ukizidiwa, yeye anakufa kwanza, nyinyi mnabaki. Huyu umemkataza kufa." Akaushika ule waya kwa vidole viwili. "Kwa hiyo mzigo wote wa pasi yako umekuwa unapita kwenye nyaya za kuwashia taa na redio, na hakuna wa kuuambia basi."

Shangazi akamweleza adabu za nyumba, nadhani kwa kutaka kuitetea: mpini wa ufagio, mlango wa jikoni, viatu siku ya mvua. Kadiri alivyoeleza, ndivyo fundi alivyotafuta mahali pa kukaa. Alipofika kwenye bomba, fundi alikuwa ameshakalia kiti cha wateja, goti lake amelinyoosha. "Bomba linakupiga shoti," akarudia, "na mnavaa viatu." Mimi nilitazama pembeni. Maneno yale yaliyokuwa ya kawaida kwetu maisha yote, mdomoni mwake yalitia aibu.

Kisha akaingia chumba cha Bibi na nyundo. Plasta ikaanguka vipande vipande juu ya sakafu aliyoisugua Shangazi kwa ndimu. Ndani, nyuma ya soketi, Babu au fundi wa Babu alikuwa ameunga nyaya kwa kuzisokota na kuzizungushia kitambaa. Kitambaa hakikuwapo tena. Mpira ulipukutika fundi alipougusa, ukaanguka kama makombo ya mkate mkavu. Kile kiungo kilikuwa kimelegea, na kila pasi ilipochomekwa kilipata moto, na plastiki ya soketi ikipata moto hutoa ile harufu ya samaki. Fundi alisema wateja wake wengi hulaumu paka.

Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Tulikuwa tunatazama fito. Mbao zilikuwa nyeusi kuanzia kwenye soketi kwenda juu, zimekuwa mkaa hasa, mkaa ungeweza kuandikia nao, na weusi uliishia pale ulipokuwa mto wa Bibi. Mto wenyewe ulikuwa kitandani katikati ya chumba. Shangazi akauchukua, akaugeuza. Foronya ilikuwa na doa la hudhurungi upande mmoja, doa ambalo yeye, mwenye kazi yake, alikuwa amelifua mara mbili akidhani ni chai.

Fundi akasema anaweza kukata kiungo kile, aunge kingine kizuri, arudishe fyuzi ya kweli, na plasta ikauke. "Itakwenda kwa muda," akasema. "Ila nyumba nzima ina nyaya hizihizi. Hapa tumepaona kwa sababu pametoa harufu. Kwingine sijui."

Nilijua Shangazi anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nililifikiri. Kiungo kimoja, plasta, rangi kidogo. Baba angekuja siku ya kuja kwake, angekunywa chai, angeondoka. Bibi angebaki. Angemlipa fundi na angenishika kiwiko mlangoni. Shangazi aliukumbatia ule mto kifuani. Bibi, ambaye hakuna aliyekuwa amemweleza kitu, alikuwa anautazama ukuta uliotobolewa kwa hasira.

"Nipe simu yako," Shangazi akaniambia. "Yangu haina chaji." Kisha akacheka kicheko kibaya, maana hata kuchaji asingeweza.

Alimpigia Baba akiwa amesimama palepale, mbele ya mbao nyeusi.

"Kaka. Njoo umchukue Mama." Akasikiliza. "Hapana, mzima. Nyumba ndiyo si nzima. Njoo tu, Kaka. Leo."

Akanirudishia simu, akaanza kukunja nguo za Bibi. Kila gauni alilikunja kwa mistari ileile ya pasi. Machozi yalikuwa yanadondoka juu yake na alikuwa anayapangusa haraka yasiache alama kwenye kitambaa.

Baba alifika na hotuba yake imeiva. Niliiona usoni tangu anashuka kwenye gari. Akaingia chumbani. Akaziona fito, akakiona kitanda, akapima kwa macho kutoka hapa hadi pale. Alimwuliza dada yake swali moja tu, "Na wewe ulikuwa unalala wapi?" Shangazi akaonyesha kijigodoro kilichokunjwa chini ya kitanda cha Bibi. Baba akageuka akamchukua mama yake mikononi, akamtoa nje mwenyewe.

Kazi ya umeme ilichukua muda mrefu kuliko alivyoahidi fundi, kama kawaida yao. Aling'oa nyaya zote. Alitoboa bomba la maji kwa bahati mbaya, akaliziba, akalalamika kuhusu goti. Akazika chuma ardhini nyuma ya jikoni, akaunganisha nacho waya wa kijani na njano ili bomba lisimpige mtu tena. Sanduku la Babu lilishushwa, likapandishwa jipya lenye vidude vinavyojikata vyenyewe. Gharama waligawana kaka na dada, na walivyozigawana ni ugomvi wao, sitauingiza hapa.

Siku zote hizo Shangazi alipiga pasi uani kwa pasi ya mkaa aliyoazima, macho mekundu kwa moshi. Shati la kwanza alilolikamilisha halikuwa la mteja. Alikusanya mashati yote ya Fundi Saa, hata ya kazi, hata leso, akayanyoosha mpaka yakasimama, akayatundika mlangoni kwake. Mzee alipotoka asubuhi akayatazama sana.

"Mama Pasi," akaita, "na samaki mwenyewe je, alipatikana?"

"Vaa shati lako uende," Shangazi akamjibu. Mambo yakaisha.

Kila jioni alikwenda kwetu kumwona Bibi. Alimkuta amekalishwa kwenye kiti laini, mbele ya televisheni kubwa, akicheka watu wakianguka. Hakuuliza atarudi lini. Hilo lilimkata Shangazi maini kuliko maneno yote ya Baba, na hakulificha; alikaa kwenye kona ya kochi na mkoba mapajani kama mgeni asiyeombwa kuvua viatu. "Mama amezoea," Baba alikuwa akisema, na sidhani alisema kwa ubaya.

Siku fundi alipomaliza, Baba alikwenda kukagua. Aliwasha kila swichi kwa kidole chake. Alifungua bomba bila viatu. Alibamiza mlango wa jikoni, taa ya ukumbi haikujali. Akarudi kwetu pamoja na Shangazi, akainama kwenye sikio la Bibi, akauliza kwa sauti ya kuita watu mkutanoni:

"Mama! Hapa na kule, unataka kukaa wapi?"

"Hapa kuzuri," Bibi akasema. Nikaona mabega ya Shangazi yanashuka. "Lakini hapa sijui huyu yuko wapi. Kule nilikuwa najua."

Baba hakuelewa anasema nini. Lakini alimwelewa anakotaka kwenda, na kwa heshima yake nitasema: yale maneno yake ya "harudi" aliyameza bila kutafuna. Jumamosi iliyofuata alimrudisha, akamlaza mwenyewe, kitanda mahali pake pa zamani, mbali kidogo na ukuta uliopakwa rangi mpya.

Nilibaki naye. Shangazi aliingia chumba cha mbele, na nikaisikia pasi ya mvuke inaanza kupumua. Bibi alinyoosha mkono, akautafuta ukuta, akaweka kiganja. Akangoja. Akahamisha kiganja, akangoja tena.

"Leo hapigi pasi?"

"Anapiga, Bibi!" nikamwambia sikioni. "Sasa hivi anapiga!"

"Muongo. Ukuta baridi." Akautoa mkono, akaulaza juu ya blanketi. "Ametoka. Ametoka na hajaniaga."

Nilimweleza kuhusu nyaya, kuhusu mbao, kuhusu moto. Aliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu anayesikiliza habari za watu asiowajua. Uso wake ulikuwa umeanguka. Nikaenda kwa Shangazi, nikamwambia. Alikuwa na joho la kwaya nusu limenyooka. Alibaki ameishikilia pasi hewani, mvuke unapanda, na mimi nikajuta kumwambia.

Kisha akaisimamisha pasi, akachukua kiango cha mbao kutoka kwenye waya wa nguo, akausogelea ukuta na kuugonga nacho. Akagonga kwa nguvu, hata rangi mpya ikapata kovu.

Nilirudi mbio. Bibi alikuwa amekwisha kushtuka. Mkono wake ulikuwa ukutani tena, vidole vimetandazwa. Ukuta ukagongwa mara nyingine, na niliona vidole vyake vinaruka kidogo.

"Haya," akasema, akajisogeza vizuri kwenye mto. "Ameanza kazi."